Kanda Moja Tu

Fundi Saa alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: hakubali kwamba kitu kimeshindikana. Mletee saa iliyotumbukia chooni, mletee iliyokanyagwa na lori, ataipokea, ataisogeza sikioni, ataitikisa kidogo, kisha atakwambia, "Njoo Ijumaa." Na Ijumaa ukienda, saa inatembea. Miaka thelathini na sita alikaa nyuma ya kimeza chake kwenye kona ya duka la viatu, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemsikia akisema "hii basi." Sasa alikuwa amestaafu, mikono imeanza kumtetemeka, lakini ule ugonjwa haukustaafu naye.

Ndiyo maana bahasha kutoka ng'ambo ilipofika Jumatatu ile, hakumwita mtu yeyote. Angemwita mtu, pengine hadithi hii isingekuwepo.

Ndani ya bahasha mlikuwa na sahani ya dividii kwenye mfuko wa karatasi, na barua. Ilitoka kwa mwanamke mmoja, mcheza dansi, rafiki wa binti wa Fundi Saa na mkewe. Kiswahili chake alifundishwa na binti yao mwenyewe, kwa hiyo barua ilijaa makosa na upendo. Aliandika kwamba hii ndiyo ile dansi yao kubwa, iliyorekodiwa jukwaani walipokuwa ziarani, na binti yenu yumo mwanzo mpaka mwisho. Zilitengenezwa chache, aliandika, na hii ni yangu, lakini nyinyi mna haki nayo kuliko mimi.

Binti huyo walimwita Kishada tangu utotoni, kwa kuwa hakujua kukaa chini. Akiwa na miaka kumi na tisa aliondoka kwenda kucheza dansi ng'ambo. Dansi! Fundi Saa aliposikia alicheka mpaka machozi, akidhani ni mzaha, na alipogundua si mzaha akanyamaza siku tatu. Kishada akaenda hivyo hivyo. Ikawa simu, picha, salamu, na "mwakani nakuja, mama." Hiyo mwakani ilipita mara kumi na moja. Kisha akaugua siku sita, damu yake ikaharibika, akafa, na wenzake wakamzika huko huko kabla wazazi hawajamaliza hata kuulizia karatasi za kusafiria. Huu ulikuwa mwezi wa nne tangu msiba huo. Hawakuliona jeneza wala kaburi, na hawakuwahi kumwona akicheza hata dakika moja.

"Yumo humu?" Mama Kishada aliuliza, akiishika sahani kwa ncha za vidole.

"Yumo, mwanzo mpaka mwisho."

"Basi ndicho nilichokuwa nakiwekea akiba," akasema.

Akiba yenyewe ilikuwa ya jicho. La kushoto lilizimika mwaka juzi. Presha ya macho, walisema. La kulia lilikuwa linafuata, na sasa lilibaki na tundu dogo katikati, mtu akikaa pembeni yake hamwoni. Daktari wa macho, mwanamke asiyependa kuzungusha maneno, alimwambia mbele ya mumewe: "Mama, sitakudanganya. Wiki mbili. Tatu ukibahatika." Tangu siku hiyo Mama Kishada alishinda amefumba. Alipika kwa kupapasa, akafua kwa kupapasa, akalifungua jicho kwa jambo la lazima tu. Daktari alimweleza kwamba jicho si kibubu, halihifadhiki hivyo. Alimsikiliza kwa heshima zote, akatoka nje, akafumba.

Basi siku ile alioga, akavaa gauni lake la kijani, akavuta kiti mpaka karibu agusane na kompyuta. Kompyuta yenyewe waliachiwa na mtoto wa marehemu mdogo wake Fundi Saa, kijana waliyemlea pamoja na Kishada, ambaye sasa alikuwa mtu mzima, fundi wa minara ya simu. Kwa kazi yake na kwa urefu wake watu walimwita Mnara. Alipokuja likizo aliiweka mezani, akaiwasha, akamwonyesha Baba Mkubwa wake jinsi ya kucheza karata humo, akaondoka. Hadi Jumatatu ile ilikuwa haijafanya kazi nyingine ya maana zaidi ya karata.

Fundi Saa akaitumbukiza sahani. Ikanguruma, ikazunguka. Mama Kishada akafumbua jicho.

Hakikuja kitu. Kikaja kidirisha cha kijivu, Kiingereza kitupu, na orodha ya nchi ndefu kuliko mkia wa ng'ombe.

Sasa hapa lazima tuelezane, maana msiba wote umelalia hapa. Wenye viwanda vya filamu waliikata dunia vipande, kila kipande wakakipa namba, na sahani iliyotengenezewa kipande hiki haifunguki kwenye mashine ya kipande kile. Kwa nini? Nenda kawaulize wao. Ukitaka, mashine inakuruhusu kuihamishia kipande kingine: unachagua nchi kwenye orodha, unathibitisha, imehama. Lakini inakuruhusu mara tano tu katika uhai wake wote. Ya tano ikipita inajifunga hapo hapo ilipo, na haifunguki kwa maombi wala kwa bisibisi. Mara ya kwanza aliitumia Mnara siku alipoiwasha. Zilibaki nne, na chini ya ile orodha ziliandikwa waziwazi: maneno mawili ya Kiingereza, kisha tarakimu 4.

Fundi Saa alijua Kiingereza cha mgongoni mwa saa tu, kile cha maji hayaingii na mawe kumi na saba. Akaitazama orodha, akatikisa kichwa kwa busara.

"Inauliza kanda imetoka wapi," akamwambia mkewe. "Si vibaya. Hata mgeni huulizwa atokako."

Kwake yeye, na kwa kila mtu wa umri wake, chochote kinachotoa picha ni kanda. Iwe ile ya zamani yenye utepe, iwe hii sahani, ni kanda, kwisha. Akaitafuta ile nchi aliyoishi Kishada, akaibonyeza. Kidirisha kikajifunga, kikafunguka tena na Kiingereza chake. Haikuwa nchi yake, kumbe. Ile ziara ilikuwa upande wa pili wa dunia, na sahani zilichapwa kwa ajili ya watu wa huko. Ile 4 ikawa 3.

Akafanya kama anavyofanya fundi yeyote mwenye adabu: kabla hujajaribu skrubu nyingine, rudisha ile ya kwanza mahali pake. Akarudisha nchi yake mwenyewe. 2. Akachagua nchi nyingine aliyowahi kusikia Kishada akiitaja kwenye simu. 1.

Ndipo akashtuka, akapiga paja. "Mama Kishada! Unaona? Nne, tatu, mbili, moja! Inahesabu kushuka! Ikifika sifuri inafunguka!"

Jamani. Miaka thelathini na sita ametengeneza saa za kengele, na saa ya kengele ikimaliza hesabu yake hulia. Angefikiria nini kingine? Saa haijawahi kumwambia fundi, "umenifungua mara nne, ya tano ninakufa." Saa inakuvumilia. Unaifungua mara mia, unaifunga mara mia.

Alikuwa ameshanyoosha kidole. Mama Kishada akamshika mkono.

"Mpigie Mnara kwanza."

"Nimpigie wa nini? Si imebaki moja?"

"Baba Kishada, mpigie. Nimeshafumba, nasubiri. Mpigie."

Mnara alipatikana juu ya mlingoti, mita arobaini kutoka ardhini, upepo unapiga. Yeye ndiye anayewatengenezea watu mtandao, na simu yake mwenyewe inakata kila neno la tatu. Ndiyo dunia hiyo.

"Shikamoo Baba Mkubwa!"

"Marahaba. Imekuja kanda ya Kishada, anacheza, ametuletea rafiki yake wa huko. Mashine yako haitaki kuifungua."

Habari ile ilimgonga Mnara. Kisha akasema kwa haraka, "Inakupa orodha ya nchi? Basi najua, hayo ni mambo ya kanda. Umeshabadilisha mara ngapi?"

"Nibadilishe niweke ipi? Ninayo moja tu!"

Upepo ukala nusu ya jibu. "Moja tu? Imebaki moja tu?"

"Moja tu, mwanangu. Imo humo humo ndani."

"Mungu wangu! Basi nisikilize vizuri, Baba Mkubwa. Hiyo kanda usiiguse. Usiiguse kabisa mpaka nikupigie. Ukiiharibu hiyo, hakuna nyingine tena."

"Najua hakuna nyingine," Fundi Saa akasema. "Kwani ni nani asiyejua?"

"Nipe namba ya huyo rafiki yake. Nitamuuliza ni kanda ipi, kesho nakupigia."

Swali hilo lilimshangaza kidogo, kuuliza kanda ni ipi wakati ni moja, lakini vijana wana maswali yao. Akaisoma namba kwenye barua, tarakimu moja moja, simu ikakata.

Hivyo ndivyo neno moja lilivyowagonganisha watu wazima wawili wenye akili zao timamu. Mnara alisema kanda, akimaanisha kile kipande cha dunia, kama wanavyosema kazini kwao: kanda ya kusini, kanda ya ziwa, mnara wa kanda fulani umezimika. Fundi Saa alisikia kanda, akaielewa ile sahani. Kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri. Kila mmoja aliridhika.

"Amesemaje?" Mama Kishada akauliza.

"Amesema kanda tusiiguse."

"Basi tusiiguse."

Na hawakuigusa. Mama Kishada alifunika mdomo wa kompyuta kwa kitambaa safi ili vumbi lisiingie. Fundi Saa aliweka stuli mbele yake, mtu asije akaipamia. Mgeni aliyekuja kuwajulia hali alikalishwa barazani. Kama kuna sahani duniani iliyowahi kuheshimiwa, basi ni ile, siku ile.

Asubuhi ya Jumanne Fundi Saa aliamka mapema kuliko kawaida. Mkewe alikuwa kitandani, macho yamefumbwa, lakini hakuwa amelala. Akakaa mbele ya kompyuta, akaiangalia ile 1. Moja tu! Na mkewe kila saa inayopita anapoteza. Akawaza: kanda nimeambiwa nisiiguse, sijaigusa, wala sitaigusa. Lakini orodha ya nchi, hiyo nani kanikataza? Subira yavuta heri, wanasema, lakini waliosema hivyo hawakuwa na mke anayehesabu mwanga kwa siku. Akachagua nchi. Hata hakuichagua kwa sababu yoyote, ilikuwa tu chini ya ile ya jana. Akabonyeza.

0.

Akasubiri, mikono mapajani, amekaa wima kama aliyepeleka posa. Kidirisha kikaja. Orodha ya nchi ilikuwa imefifia, rangi ya majivu. Akaibonyeza, haikujibu. Akabonyeza tena, akazima mashine, akaiwasha, akaizima kwa kuchomoa waya, akahesabu mpaka mia, akaiwasha. Majivu yale yale.

Mchana simu ikalia. Mnara alikuwa ameshuka chini mara hii, na sauti yake ilikuwa imechangamka kwa furaha. "Baba Mkubwa, nimempata! Ni kanda ya nne! Nenda kwenye ile orodha, chagua nchi yoyote nitakayokutajia sasa hivi, na Mama Mkubwa anaangalia saa hii hii! Upo?"

"Nipo. Orodha haibonyezeki."

"Haibonyezeki vipi?"

"Imekuwa ya majivu. Imeandika sifuri."

"Baba Mkubwa. Si nilikwambia usiiguse kanda?"

"Sijaigusa!" Fundi Saa akapandisha. "Naapa mbele ya Mungu sijaigusa! Imo humo tangu jana, tumeifunika kwa kitambaa! Nimegusa nchi!"

"Nchi ndiyo kanda! Kanda, Baba Mkubwa! Eneo! Ukanda wa dunia!"

"Kwa nini hukusema eneo?"

"Nilisema kanda!"

"Na mimi nikasikia kanda!"

Mnara ndiye aliyepoa kwanza, akazungumza taratibu, kama mtu anayeongea na mgonjwa. Alieleza zile mara tano. Alieleza kwamba sasa haifunguki tena, hata kiwandani hawaifungui. Angeleta kifaa kingine cha kusomea sahani, lakini alikuwa na mlingoti ulioanguka na mji mzima hauna simu, hawezi kuondoka kabla ya Jumatano ya wiki ijayo, na njiani ni siku tatu. "Mwambie Mama Mkubwa anisubiri," akasema, kisha akajua alichokisema. "Mwambie... mwambie nakuja."

Mama Kishada alikuwa amesimama mlangoni, ameishika fremu. Alikuwa amesikia upande mmoja wa maongezi, na upande huo ulimtosha.

"Umefanya nini?" akauliza.

Akamweleza. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yao alieleza kosa lake lote bila kulipunguza, maana hakujua ni sehemu gani angeipunguza.

"Nilikwambia tusubiri," Mama Kishada akasema. "Nilikushika mkono huu hapa. Kutwa nzima sijafumbua, sijajua hata leo nje kuna jua au mawingu, nasubiri. Wewe umeshindwa kusubiri asubuhi moja! Asubuhi moja, Baba Kishada!" Machozi yakamtoka kwenye macho yote mawili, lile zima na lile lililokufa. Kisha akalifumbua lile la kulia, akamwelekezea mumewe lile tundu dogo lililobaki, akazunguka nalo usoni pake, paji la uso, pua, kidevu. "Acha nikutazame wewe basi," akasema. "Ndiye uliyebaki wa kutazamwa."

Angempiga kofi lingeuma kidogo.

Fundi Saa akaifunga kompyuta kwa kamba kwenye toroli akatoka nayo. Alikwenda kwanza kwa yule anayekodisha filamu, mtu wa maneno mengi, mwenye deki tatu dukani. Ile sahani ikaingia deki ya kwanza, ikatemwa. Ya pili, ikatemwa. Ya tatu ikakaa kidogo, moyo wa mzee ukaruka, ikatemwa. "Mzee wangu, hii imefungiwa kwao," mwenye duka akasema. "Hata mimi za hivi zikija natumia kuwekea chai." Alipouona uso wa mteja wake akaacha kucheka, akaipangusa sahani kwa shati lake, akamrudishia kwa mikono miwili.

Kwa fundi kompyuta, ng'ambo ya soko, ilikuwa afadhali, na afadhali ndiyo inayoua. Fundi alikuwa nacho kifaa kingine, kipya, kimo kwenye boksi. Akaifungua kompyuta, akakishika kile kifaa, akakigeuza, akaguna. Waya wa kompyuta ulikuwa mpana wenye meno mengi. Tundu la kifaa lilikuwa jembamba. "Hii yako ya kizamani," akasema. "Zile za hivi hatuleti tena. Nitaulizia." Fundi Saa aliutazama ule waya na lile tundu. Maisha yake yote, gurudumu lisipoingia mahali pake, alilipiga tupa mpaka likaingia. Akauliza kama hapa haiwezekani kupiga tupa. Fundi kompyuta alikuwa na umri wa kuwa mwanawe, na alijibu kwa upole: "Hapana, mzee. Njoo Ijumaa, labda."

Njoo Ijumaa! Fundi Saa alilijua hilo neno lilivyo tamu kwa anayelisema. Ijumaa alikwenda, hakukuwa na kitu. Jumatatu alikwenda, hakukuwa na kitu. Nyumbani Mama Kishada hakumwuliza. Alikaa kitandani, amefumba, mikono juu ya magoti. Siku moja tu alisema, bila kuulizwa, "Nimefumbua dakika moja asubuhi. Tundu limekuwa dogo." Alilisema kama mtu anayetaja kiasi cha chumvi iliyobaki. Mumewe akatoka nje, akasimama karibu na ukuta, akalia kimya kimya mpaka pua ikaziba.

Alhamisi asubuhi alikuwa ameshafungua pazia, jua limejaa chumbani mpaka miguuni pa kitanda. Mama Kishada akageuza uso huku na huku, macho yote wazi.

"Mbona leo hujafungua pazia?" akauliza.

Fundi Saa alikuwa amelishika lile pazia mkononi. "Nafungua sasa," akasema. Akalivuta likajifunga, akalivuta likafunguka, pete zikalia kwenye chuma. "Haya."

Mkewe alisubiri. Alisubiri muda mrefu kuliko pazia lolote linavyohitaji. Kisha akalala upya, akajifunika shuka mpaka shingoni, na hakuyafumba macho. Hakukuwa tena na haja.

Mnara alifika Jumamosi. Alikuwa ameshaambiwa kwa simu, lakini alikuja nacho kile kifaa, chenye waya mpana wa meno mengi, amekitafuta miji miwili. Alipomwona Mama Mkubwa wake, jitu zima lile lilipiga magoti, likaweka kichwa mapajani kwake. Mama Kishada akamshika nywele, kisha mashavu. "Umekonda," akasema. "Kakifunge hicho kifaa chako."

"Mama Mkubwa, hakuna haraka tena..."

"Nimesema kakifunge. Nitakaa niwe karibu naye."

Ilimchukua Mnara muda wa kunywa chai. Skrubu nne, waya mbili, kanda ya nne, ndiyo. Sahani ikaingia, ikanguruma, na bila kuuliza lolote, picha ikatoka. Kirahisi hivyo! Fundi Saa angeipasua kwa nyundo.

Mama Kishada alikaa pale pale, karibu agusane na kioo, kwa mazoea tu. Mnara akaingia nyuma ya meza kupanga waya zisimnase mtu miguuni. Ngoma moja ilianza kupigwa, pole pole, halafu zikasikika nyayo.

"Hakuna anayeimba?" Mama Kishada akauliza.

"Hakuna."

"Wala kusema?"

"Hawasemi. Wanacheza tu."

"Yupi?"

Fundi Saa akatazama. Walikuwa kumi na wanne, wote wamevaa kijivu, vichwa vimefungwa vitambaa, nyuso zimepakwa unga mweupe. Wanaume, wanawake, huwezi kujua. Akaenda mmoja mmoja, akarudi tena mwanzo. Akatafuta kitu, chochote, bega, mwendo. Akakumbuka Kishada akija kwenye kimeza chake baada ya shule, mwaka baada ya mwaka, akisimama kwa mguu mmoja pale mbele ya kioo na kusema, "Baba, nitazame." Na yeye akisema, "Nakutazama," uso umezama ndani ya saa ya mtu.

"Yule wa mbele," akasema. "Kushoto."

"Anafanyaje?"

"Ananyanyua mikono. Taratibu. Sasa amezunguka. Lo, amezunguka vizuri! Sasa wenzake wamelala chini, yeye amebaki peke yake."

Mama Kishada akaanza kutabasamu. Mikono yake ikanyanyuka kidogo kutoka magotini, ikifuata anachoambiwa, na Fundi Saa alipoona hivyo akaongeza bidii. Hakuwahi kuongea hivyo maishani mwake. Alieleza kila hatua, kila mgeuko wa shingo, na alipomwona yule mchezaji anaruka juu akapiga kelele, "Amepaa, mama! Amepaa kweli!" na mkewe akacheka kwa sauti, kicheko ambacho nyumba ile haikuwa imekisikia tangu msiba.

Mnara akainuka nyuma ya meza, vumbi magotini, akaja kusimama nyuma yao. Akatazama kioo. Uso wake ukafunguka.

"Yule pale!" akasema. "Huyo huyo, nyuma kabisa, karibu na pazia. Angalia anavyotupa mkono! Si vile alivyokuwa akitupa hapa uani?" Kisha akaona kidole cha Baba Mkubwa wake, kimenyooka kuelekea mbele, kushoto. "Aa, siye huyo, Baba Mkubwa. Huyo ni..." Akaelewa, akafunga mdomo, lakini neno likishatoka halina kamba ya kulivutia nyuma. Na yule wa nyuma alikuwa ameshapita kwenye pazia, ametoka.

Ngoma iliendelea kupigwa. Mikono ya Mama Kishada ilirudi magotini.

"Mnara," akasema. "Vuta kiti, kaa hapa. Rudisha mwanzo. Nisimulie wewe."

Mnara alisita, akamtazama mzee. Mzee akasogeza kiti chake kumpa nafasi.

Wakaanza upya. Mnara alisimulia kwa sauti ndogo, bila madoido: sasa amekaa chini, sasa anamfuata mwenzake, sasa ametupa ule mkono. Mama Kishada alisikiliza, ameinamisha kichwa upande wa sauti, na kila baada ya muda akasema, "Eeh. Ndiye. Ndiye huyo." Fundi Saa alikaa nyuma yao. Alimtazama yule aliyeonyeshwa, nyuma kabisa, karibu na pazia. Alimtazama kwa macho yake yote mawili, mazima, yaliyowahi kuona ufa kwenye jino la gurudumu dogo kuliko punje ya mtama. Alimtafuta mwanawe ndani ya mtu yule kwa nguvu zake zote, na hakumjua.

"Baba Kishada," mkewe akaita bila kugeuka. "Na wewe unamwona?"

"Namwona," akasema.

Mnara alimtupia jicho mzee, kisha akaendelea kusimulia.